Nionyeshe Wapi: Namna ya Kukaa Kikao cha Saksafoni

Ukitaka watu waje kwako Jumapili mchana wasikilize saksafoni ya jazz na kubishana vizuri, anza na sabufa. Hapa Moshi nyumba nyingi zinayo, na mara nyingi imekaa sakafuni kwenye kona, besi imefunguliwa mpaka mwisho. Kwa singeli inafaa. Kwa saksafoni inaharibu. Tenori inalia palepale inapokaa sauti ya mwanaume anayeongea, kwa hiyo besi ya sabufa ikizidi unabaki na mvumo, na mpulizaji anasikika kwa mbali. Itoe sabufa kwenye kona. Zile spika ndogo mbili ziweke juu ya meza, usawa wa masikio ya watu waliokaa, kisha punguza besi kidogo kidogo mpaka usikie vidole vya mpiga besi vikigusa nyuzi. Ukisikia vidole, acha hapo. Wala usihamie kwenye spika ya simu ukadhani umemaliza tatizo. Simu inaondoa besi yote, na bila besi nusu ya ubishi wetu haina pa kusimama.

Angalia na mvua. Mwezi wa nne, mvua ikipiga bati, rekodi yenye dramu za brashi usiiguse, hutasikia kitu. Msimu huo sisi tunaanza mara tu baada ya ibada ya pili, watu wakiwa bado na nguo za kanisani, na chakula kinaliwa baadaye.

Mimi ni fundi cherehani, na usharikani napiga tarumbeta kwenye kikundi alichopigia baba yangu. Ndiyo maana nusu ya wanaokuja kwangu ni watu wa tarumbeta. Wengine ni dereva wa Noah za Kiboriloni, nesi mmoja jirani yangu, na mzee wa Pasua ambaye sote tunamwita Babu. Babu alikulia kwenye dansi, na saksafoni mpaka leo anaiita mdomo wa bata. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyesomea jazz. Kinachotuwezesha kukaa saa nzima juu ya rekodi ya dakika tatu ni kanuni moja tu, na hiyo ndiyo nataka uichukue: mtu haruhusiwi kusema "huyu ni mkali" kabla hajaonyesha wapi. Dakika ya ngapi? Alifanya nini hapo? Na wenzake kwenye bendi walikuwa wanafanya nini wakati huohuo?

Hilo la wenzake ndilo linalosahaulika. Watu wanamsikiliza mpulizaji kana kwamba yuko peke yake chumbani. Lakini anayepuliza yuko mikononi mwa mpiga dramu, mpiga besi na mpiga piano, na mara nyingi kile unachokisifia kwake kimeletwa na mmoja wao. Kila kitu ninachoelekeza hapa chini kinatoka kwenye jambo hilo.

Kabla ya kikao cha kwanza, watu waelewe ukoo wa chombo chenyewe. Adolphe Sax, Mbelgiji, alikipatia hataza Paris mwaka 1846. Mwili ni wa shaba lakini sauti inaanzia kwenye ulimi mwembamba wa tete uliofungwa mdomoni mwa chombo, kwa hiyo sisi wa tarumbeta, tunaotetemesha midomo yetu, tusijifanye tunakijua. Utakaokutana nao sana ni wanne: soprano, alto, tenori na baritoni, kutoka sauti nyembamba kwenda nzito. Inatosha. Mtu asiyejua kutofautisha alto na tenori leo atajua baada ya rekodi mbili.

Jambo la pili kabla hamjaanza: sema rekodi, usiseme wimbo. Wapulizaji wa jazz walirudia nyimbo zao kwa miaka, na kila mara zilitoka tofauti. Mtu akikuambia anapenda "My Favorite Things" ya John Coltrane, mpulizaji wa Marekani, muulize ya mwaka gani. Ile ya studio ya 1960, anayopuliza soprano, inakwenda kama dakika kumi na tatu na ushee. Ile ya Japani ya 1966 inakaribia saa nzima, na bendi imebadilika karibu yote. Wawili wanaweza kugombana mpaka jioni kumbe kila mmoja ana rekodi yake kichwani. Kwa hiyo anayeleta wimbo kwenye flashi auandike jina, mwaka na wapigaji. Kama bando ni shida, mmoja ashushe usiku na wengine wachukue kwake.

Kikao cha kwanza weka "So What", ya Miles Davis, kutoka albamu ya Kind of Blue iliyorekodiwa New York mwaka 1959. Naichagua kwa sababu ndani yake kuna wapulizaji saksafoni wawili wakubwa, wanafuatana, kwenye wimbo uleule, juu ya bendi ileile. Besi ya Paul Chambers inauliza, bendi inajibu kwa sauti mbili. Miles anaanza na tarumbeta. Karibu dakika ya tatu na nusu anaingia John Coltrane na tenori, na baada ya dakika ya tano anaingia Cannonball Adderley na alto.

Piga wimbo mara moja mpaka mwisho, watu wamekaa kimya. Kisha rudisha pale Coltrane anapoingia na usimamishe pale Cannonball anapomaliza, na uulize swali moja: mpiga dramu na mpiga piano wamebadilika wapi? Watu watashangaa. Bill Evans kwenye piano hampi Coltrane kile anachompa Cannonball. Coltrane anakuja na vipande virefu, anavigeuza, anavijaribu upande huu na upande ule, anatafuta. Cannonball anaingia akiwa ameshapata, sauti yake ina mafuta na bluzi, na ukisikiliza vizuri utasikia jinsi bendi inavyotulia chini yake. Mimi niko upande wa Coltrane hapa, na mahali pangu ni pale mwanzo kabisa, anapoingia juu ya utulivu aliouacha Miles na kuupandisha moto papo hapo. Nesi yuko upande wa Cannonball na ana sababu nzuri kuliko yangu, lakini bado sijahama.

Mkishafanya hivyo mara moja, mtakuwa mmejifunza zaidi ya yule anayekariri majina ya albamu hamsini.

Sasa, kuhesabu. Aliyelelewa na dansi anajua wimbo unaanza taratibu, waimbaji wanamaliza maneno, halafu gita linawasha chemko na watu wanainuka. Jazz nyingi za miaka ya hamsini zimepangwa kivingine. Kuna wimbo wenyewe, labda vipimo (kila kimoja mapigo manne) kumi na viwili, kumi na sita au thelathini na viwili, na bendi inauzungusha huohuo tena na tena wakati kila mmoja anatunga yake papo hapo juu yake. Mwisho wanarudi kwenye wimbo. Asiyejua hili anaona saksafoni inatangatanga. Akijua, anaanza kusikia kila mzunguko unapoanza, na mpulizaji anaposhika nafasi yake au kuipita makusudi.

Wa kujifunzia kuhesabu ni "St. Thomas" ya Sonny Rollins, kwenye albamu ya Saxophone Colossus, iliyorekodiwa Juni 22, 1956. Ni kalipso ya vipimo kumi na sita, na asili yake ni visiwa vya Virgin alikotoka mama yake Rollins. Mwili wa mtu wa huku unaielewa kabla kichwa hakijaielewa. Waambie watu wagonge nne kwa kidole gotini, na kila mzunguko ukianza upya wanyooshe mkono. Mwanzoni mikono itapanda ovyo. Rudia.

Mikono ikishapanda pamoja, wasikilize Rollins anavyoingia kwenye solo. Anachukua sauti mbili tu. Anazitupa, anangoja, anazitupa tena zimegeuka kidogo, anazisogeza mbele ya pigo, anazivuta nyuma. Mtu mwingine angekimbilia kumwaga sauti mia ili aonekane. Yeye anajenga nyumba kwa matofali mawili, na Max Roach kwenye dramu anasikia na kumjibu. Kisha Roach anapiga solo yake, na ule wimbo bado unausikia ndani ya ngoma zake ukiendelea kuhesabu. Rollins akirudi, bendi imeacha kalipso na kushika swingi, ule mwendo wa kudunda wa jazz. Hapo ndipo pangu kwenye rekodi hii, pale wanapobadilisha mwendo na hakuna anayejikwaa. Ukiwa na watoto ndani ya nyumba utawaona wanaanza kuruka hapohapo bila kuambiwa.

Mpiga piano kwenye rekodi hiyo ni Tommy Flanagan. Mshike, kwa sababu kikao kinachofuata nataka uweke "Giant Steps" ya Coltrane, iliyorekodiwa 1959, na piano ni ya Flanagan huyohuyo. Wimbo unakimbia, na sauti za chini, yaani kodi zinazombeba mpulizaji, zinabadilika kwa kasi ambayo wapigaji wengi hawakuwa wameizoea. Coltrane ameshaufanyia mazoezi na anapita humo bila kugusa ukuta. Zamu ya Flanagan inapofika, sikiliza: vipande vinakatika, anaacha nafasi, na mwisho anashika kodi tu. Watu wakisema Flanagan alikuwa dhaifu, rudisha "St. Thomas" na uwaulize kama huyu ni dhaifu. Mwaka 1982 alitoa albamu yake ya kumkumbuka Coltrane na akaupiga tena wimbo huu, safari hii kwa utulivu wa mtu anayeujua. Ziweke zote tatu kwenye kikao kimoja, watu wabishane. Kwetu hii ilizaa mjadala mzuri kabisa, maana dereva alisema waziwazi kwamba rekodi ya 1959 anaipenda kwa sababu ya piano ile inayohangaika, kwamba bila hiyo mtu hasikii mwendo ule ni mgumu kiasi gani. Mimi nakubaliana naye.

Sasa niseme kuhusu namna ya kugawa maneno, kwa sababu hapa ndipo vikao vingi vinapofia. Kwetu mzee akishatoa hukumu, nani atampinga? Shikamoo zitatolewa, vichwa vitatikiswa, na mjadala umeisha. Kwa hiyo anza na mdogo kuliko wote, kisha panda juu kwa umri. Mzee awe wa mwisho. Heshima inabaki palepale, ila sasa mzee anapata kitu cha kujibu. Na wakati rekodi inalia hakuna kuongea, hata kumwambia mtu chai imepoa.

Siku ya Hawkins na Lester Young ilikwenda hivi. Niliweka rekodi mbili za mwaka mmoja, 1939. Ya kwanza "Lester Leaps In", Lester Young akiwa na kikosi kidogo cha Count Basie, mwezi wa tisa. Ya pili "Body and Soul" ya Coleman Hawkins, Oktoba 11. Zote ni tenori, zote ni za dakika tatu hivi, kwa sababu santuri za wakati ule hazikubeba zaidi.

Dereva akaanza. "Babu, shikamoo."

"Marahaba."

"Mimi naona Hawkins kamzidi."

"Wapi?"

"Pale anapouacha wimbo. Anautaja kidogo mwanzoni, halafu haurudii tena mpaka mwisho. Na ile sauti, Babu, imejaa. Mzunguko wa pili wenzake wanaingia nyuma kwa chini kabisa, na yeye anazidi kupanda. Hakuna mahali unasema sasa amechoka."

Nesi akasema anayemgusa ni Lester, kwa sababu Lester hapazi sauti. Babu akamkatalia kwamba hiyo bado siyo mahali. Tukarudisha. Nesi akainua mkono: mzunguko wa pili wa solo ya Lester, bendi inagonga pigo moja na kunyamaza, inagonga na kunyamaza, na zile nafasi tupu anazijaza Lester, mara nyingine kwa sauti moja anayoirudia kwa vidole tofauti. "Hapo," akasema. "Wenzake wamemwachia mlango wazi, na yeye anaingia taratibu."

Babu alipofika zamu yake alisema Hawkins anaweza kubeba bendi yoyote, lakini Lester anaifanya bendi icheke, na kwenye dansi anayetafutwa ni wa namna hiyo. Dereva hakukubali. Tulirudia "Body and Soul" mpaka giza, na mpaka leo hawajakubaliana. Kikao kizuri ni hicho.

Usikimbilie "A Love Supreme", albamu ya Coltrane. Watu wengi wanaianza hiyo kwa sababu wameambiwa ni kubwa, wanachoka dakika ya kumi, na wanaondoka wakidhani jazz si yao. Kwanza wapate Ballads ya Coltrane huyohuyo, aliyoitoa 1963 na bendi ileile, wazoee sauti yake ikiwa imetulia. Ndipo uilete.

"A Love Supreme" ilirekodiwa Desemba 9, 1964, kwenye studio ya Rudy Van Gelder huko New Jersey: Coltrane tenori, McCoy Tyner piano, Jimmy Garrison besi, Elvin Jones dramu. Ina sehemu nne. Katika sehemu ya kwanza mfuate Garrison, achana na saksafoni kabisa. Anashika sauti nne na kuzirudia, na baadaye Coltrane anazichukua hizo nne na kuzipitisha kwenye funguo zote kumi na mbili, yaani akizipandisha na kuzishusha kwa kuanzia kila sauti, kabla hazijaimbwa kwa mdomo. Mara ya pili mfuate Elvin Jones. Mikono na miguu yake inakwenda njia nne tofauti na bado inafika pamoja.

Sehemu ya nne, "Psalm", nimeibakiza kwa ajili ya wenzangu wa kanisani. Coltrane aliandika shairi la sala, likachapwa kwenye jalada la albamu, na katika sehemu hii analisoma kwa saksafoni, silabi kwa silabi, bila kutamka neno. Mtafutie kila mtu maneno yake, awe nayo mkononi, afuate kwa kidole. Sisi tuliozoea kupiga tenzi kwenye mazishi tunajua kupiga maneno. Tunajua mahali pa kuvuta pumzi kwa sababu mstari umeisha, na sauti ipi ibebe neno "Bwana". Kumsikia mtu akifanya hivyo kwa tenori, chini yake Elvin akiviringisha dramu kwa magongo laini, kulibadilisha kabisa namna ninavyopuliza nyimbo za maziko. Mwalimu wetu wa tarumbeta aliniuliza nimejifunza wapi. Nilimpa flashi.

Mtu atauliza, na zetu je? Zilete. Tatizo ni kwamba wengine wanazileta ili kuwaridhisha wazee, zinapigwa mwishoni watu wakiwa wanavaa viatu. Zipige katikati, na swali liwe lilelile.

Anza na zile ambazo wapulizaji wa kule Marekani walituangalia sisi. "Tanganyika Strut" ilirekodiwa 1958, kikosi cha Wilbur Harden na Coltrane, miaka mitatu kabla bendera yetu haijapanda. "Uhuru Afrika" ya Randy Weston, 1960, ina safu nzima ya saksafoni, Yusef Lateef na Cecil Payne wakiwemo, na Mtanganyika Tuntemeke Sanga anasoma humo kwa Kiswahili. Mara ya kwanza dereva alisimama. "Mr. Kenyatta" ya Lee Morgan ni ya 1964, na tenori ni Wayne Shorter. Kati ya hizi ninayoiweka juu ni ya Weston, kwa sababu ngoma na saksafoni zinazungumza pale, hazijapangwa tu upande kwa upande.

Halafu mpe Babu nafasi. Bendi zetu ziliitwa Jazz kutoka Tabora mpaka Morogoro, na hata jirani zetu walikuwa na Arusha Jazz, iliyoanzishwa 1970 na ndugu wa Kinyonga kabla hawajavuka kwenda Nairobi na kuwa Simba Wanyika. Mapigo yao ni rumba, na hakuna haja ya kulazimisha yawe ya New York. Babu akileta OK Jazz, bendi ya Kongo, ya miaka ya sitini anataka tusikie tofauti ya wapulizaji wake wawili wa saksafoni, Isaac Musekiwa na Verckys: Musekiwa ananyooka na kukaa ndani ya safu, Verckys anaguna, anakwaruza, anataka kila mtu ajue ameingia. Kabla ya kusema nani zaidi, sikiliza gita la Franco, kiongozi wa bendi, linafanya nini kila mmoja anapopuliza. Ni kazi ileile tuliyoifanya kwa Bill Evans.

Na usiache "Mannenberg", ya mpiga piano Dollar Brand, anayejulikana sasa kama Abdullah Ibrahim, Cape Town, 1974. Inajaza upande mzima wa santuri. Tenori ni Basil Coetzee, alto ni Robbie Jansen. Piano inazungusha kitu kilekile kwa uvumilivu mkubwa, na Coetzee anaingia bila haraka, sauti pana, yenye mkwaruzo kidogo. Nesi anasema hiyo ndiyo rekodi moja angebaki nayo. Alipoulizwa wapi, alisema pumzi ya kwanza ya Coetzee, na hakuna aliyembishia.

Weka daftari. Ukurasa mmoja kwa rekodi moja: jina, mwaka, nani yuko kwenye nini, na dakika ambazo watu walizitaja, kila moja na herufi ya aliyeitaja. Langu ni lilelile la vipimo vya wateja, nimeligeuza nyuma. Ukilifungua baada ya muda utaona mambo ambayo hukuyapanga, kama vile dereva anavyochagua kila mara mahali ambapo dramu zinabadilika, au mimi ninavyochagua mwanzo wa solo. Mkijuana hivyo, mtu anaweza kumtafutia mwenzake rekodi ya kumhamisha.

Rekodi tatu kwa kikao zinatosha, nne ni nyingi. Aliyeshindwa kuonyesha mahali pake ndiye anayeleta ya wiki ijayo, na lazima iwe ya mpulizaji yuleyule aliyekuwa anamtetea.